Saa nane za kusubiri ndege: utoke nje Addis Ababa, Doha au Istanbul?

Ukitafuta tiketi ya kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Ulaya, mara nyingi utajikuta na njia tatu zenye bei zinazokaribiana: kupitia Addis Ababa, kupitia Doha, au kupitia Istanbul. Wengi wetu tunaangalia bei, tunaangalia kilo za mzigo, basi. Saa za kusubiri katikati ya safari tunazihesabu kama adhabu. Mimi siku hizi naziangalia kwanza, maana zile saa nane au tisa ni mji mzima ambao nauli yake umeshailipa.

Nilijifunza kwa kupoteza. Safari yangu ya kwanza kwenda kwa dada yangu Ujerumani, nilishinda Bole, uwanja wa ndege wa Addis, tangu asubuhi hadi usiku. Nilikaa kwenye kiti cha chuma nimekumbatia begi, naangalia vilima kupitia kioo. Hakuna aliyenikataza kutoka. Sikujua kama inawezekana, na sikuuliza. Mama mmoja Mkenya tuliyekaa naye jirani alitoka saa nne asubuhi, akarudi saa kumi ana pakiti ya kahawa mkononi na harufu ya ubani kwenye mtandio. Tangu siku hiyo nimetoka nje katika miji yote mitatu, mmoja wapo zaidi ya mara moja, na ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mtu ambaye tiketi iko mbele yake kwenye simu na hajabonyeza kulipa.

Saa za tiketi si saa za mjini

Kabla ya kulinganisha chochote, fanya hesabu hii. Chukua saa za kusubiri zilizoandikwa kwenye tiketi. Toa saa moja ya kushuka, foleni ya uhamiaji na kutafuta usafiri. Toa saa tatu za mwisho, kwa sababu muda huo unatakiwa uwe umesharudi uwanjani, umepita ukaguzi na unaijua geti yako. Halafu toa barabara, kwenda na kurudi. Kinachobaki ndicho chako.

Tuseme una saa nane. Addis, uwanja uko kilomita 6 hivi kutoka katikati ya mji. Weka nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, zinabaki saa tatu. Doha, metro inaanzia uwanjani penyewe na ndani ya dakika ishirini hivi uko Msheireb, katikati ya mji. Zinabaki saa tatu na ushei. Istanbul, uwanja mpya uliochukua safari zote za abiria za uwanja wa zamani wa Atatürk mwaka 2019 uko karibu kilomita 40 kutoka mji mkongwe. Weka saa moja na nusu kwenda na nyingine kama hiyo kurudi, inabaki saa moja. Kwa saa moja utaona minara kwa mbali na kugeuza.

Kwa macho tu, Istanbul inaishinda miji mingine miwili, na hapo ndipo watu wanapoponzeka. Wanaona picha, wanaona saa nane, wanachukua.

Addis Ababa: mji ulio karibu, kwa kila maana

Cha kwanza kitakachokupokea ni baridi. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyetoka Dar na shati jepesi ataijua tofauti akiwa bado mlangoni. Kuanzia Juni hadi Septemba ni msimu wa mvua kubwa. Sweta liwe kwenye begi la mkononi, lisiwe kwenye sanduku ulilokabidhi. Ukipanda ngazi ukahisi pumzi imekuwa fupi, ni mwinuko, punguza mwendo.

Cha pili kitakufurahisha kama mtu wa Kiswahili: saa zao ni saa zetu. Wahabeshi wanahesabu tangu jua linapochomoza, kama sisi. Saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi. Mzungu akiambiwa "saa mbili" na dereva wa Addis anachanganyikiwa, wewe hapana. Mara ya kwanza nilipotoka, dereva aliniuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga ndege yangu inaondoka lini. Tiketi ilisema 23:00. Badala ya kuhangaika kutafsiri nikanyoosha vidole vitano. Akacheka, akasema "amist", tano, na tangu hapo tukaelewana bila shida. Angalizo moja: tiketi na ubao wa uwanjani vinatumia saa za kimataifa, kwa hiyo mkipanga muda wa kurudi, hakikisheni wote wawili mnataja saa ya aina moja.

Kwa saa tatu usijaribu kuuona mji wote. Nenda Makumbusho ya Taifa, eneo la Amist Kilo, halafu chakula, halafu kahawa. Makumbusho hayo ndiyo nyumba ya Lucy, mifupa ya kiumbe wa ukoo wa binadamu iliyopatikana Hadar, katika nchi ya Waafar, mwaka 1974, yenye umri wa takriban miaka milioni 3.2. Wao wanamwita Dinkinesh, "wewe ni wa ajabu". Anayeonyeshwa kwenye kabati la kioo ni nakala, lakini usisikitike: simama mbele yake uone alivyokuwa mdogo, urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Mtanzania aliyekua akisimuliwa habari za Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, ataona ni ndugu wa bonde lile lile la ufa, huku kaskazini tu.

Ukipita karibu na Africa Hall, mwombe dereva apunguze mwendo. Humo ndimo ulimosainiwa mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tarehe 25 Mei 1963, Mwalimu Nyerere akiwa mmoja wa viongozi waliokuwepo. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka 2024 kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini humo, ila iko ndani ya uzio, na kwa msafiri wa saa chache kuingia si jambo la kutegemea.

Chakula: agiza beyaynetu. Ni sinia moja la injera, ule mkate wao mpana na laini kama chapati, lililopangwa mboga na nafaka za rangi mbalimbali: dengu, kabichi, viazi, shiro nzito ya kunde. Siku za Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Kiorthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai, na migahawa mingi ya kienyeji hupika hiyo ya mfungo kwa wingi zaidi. Kwa Mwislamu asiyejua nyama ya mgahawa imechinjwa na nani, hii ni raha tupu, kwani hakuna nyama ya kuulizia. Injera ina ukali kidogo, kama uji uliolala. Kula kwa mkono wa kulia, hilo hatufundishwi.

Sasa kahawa, na hapa usiharakishe. Wao wanaiita buna. Sisi kahawa mbichi tunaiita buni, na masikio yako yatalipokea neno hilo kama la nyumbani. Nilikaa kwenye kibanda cha mama mmoja, sakafuni kumetandazwa majani mabichi. Akaosha punje, akazikaanga kwenye kikaango juu ya mkaa hadi zikaanza kupasuka na kung'aa mafuta, akanyanyuka na kikaango kile kile akakizungusha mbele ya nyuso zetu ili kila mtu avute moshi wake. Ubani ulikuwa unafuka pembeni, bakuli la bisi katikati. Akatwanga, akachemsha kwenye jebena, kile chungu cheusi chenye shingo ndefu, akamimina kutoka juu bila kudondosha tone. Humiminwa mikupuo mitatu: ya kwanza inaitwa abol, ya pili tona, ya tatu baraka. Ndiyo, baraka, hiyo hiyo yetu. Kuondoka kabla ya baraka si vizuri, kwa hiyo tenga saa nzima ya kahawa kwenye hesabu yako.

Ninachokushauri kukiacha: Merkato, lile soko kubwa, kwa sababu ni pana na lina msongamano, na mgeni mwenye begi na haraka ni chambo cha wachomoa mifuko. Na mlima Entoto, unaofika karibu mita 3,200. Ni pazuri sana, ila uwe na zaidi ya saa tano za mjini na mapafu yaliyozoea.

Teksi patana bei kabla ya kuingia, au tumia programu ya Ride wanayoitumia wenyeji. Badilisha pesa kidogo tu benki ya uwanjani. Birr zikikubakia nje ya Ethiopia ni karatasi.

Doha: mji wa usiku

Kama saa zako za kusubiri zinaangukia usiku, Doha inaongoza kwa mbali. Addis usiku ningekwambia lala. Istanbul usiku, misikiti mikubwa na makumbusho vimefungwa na uwanja uko mbali. Doha usiku ndipo watu wanapotoka nje, hasa miezi ya joto, ambapo mchana kipimo hupita nyuzi 40 na kutembea kwa miguu ni kujitesa.

Usafiri ni rahisi hadi unashangaa. Metro ilifunguliwa mwaka 2019. Unashuka chini ya uwanja wa Hamad, unanunua tiketi kwenye mashine, riyali 2 kwa safari moja au 6 kwa siku nzima, unapanda njia nyekundu hadi Msheireb, unabadilisha njia ya dhahabu kituo kimoja tu, umefika Souq Waqif, lile soko la mjini. Usiku wa manane treni husimama, lakini teksi zipo na umbali si mkubwa.

Souq Waqif imejengwa upya kwa mtindo wa zamani, na kuna watu wanaidharau kwa hilo. Mimi siidharau. Inua macho uangalie dari za miti, zimepangwa kama za nyumba za Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja. Enzi za majahazi, boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu zilipakiwa zikaenda Ghuba kuezekea nyumba, huku pepo za kaskazi zikileta tende kwetu. Upana wa vyumba vya huko na huku ulifanana kwa sababu urefu wa boriti ulikuwa huo huo. Utakuta mtaa wa vipanga wa kuwindia, wamefunikwa macho, wametulia kwenye vigingi vyao, na hospitali yao wenyewe karibu. Utakunywa karak, chai ya maziwa yenye iliki iliyochemka hadi ikabadilika rangi, pamoja na chapati, na itakuwa kama umekaa baraza ya Forodhani. Sikiliza pia. Walinzi, madereva na wahudumu wengi wametoka kwetu. Mara mbili nimesalimiwa "mambo" kabla sijafungua kinywa.

Ukiwa Doha mchana, kuna sehemu moja ningependa kila mtu wa pwani yetu aifike, nayo si Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, pamoja na uzuri wake wote. Ni Bin Jelmood House, nyumba moja kati ya nne za Msheireb Museums, umbali wa kutembea kutoka sokoni. Inasimulia biashara ya utumwa katika Bahari ya Hindi: watu walivyochukuliwa, wakiwemo wa Afrika Mashariki, walivyovushwa baharini, na kazi waliyopewa huku, ikiwemo uzamiaji wa lulu, hadi utumwa ulipopigwa marufuku Qatar mwaka 1952. Vyumba ni vyeupe, kimya, vimezunguka ua. Nilikuwa nimepanga dakika ishirini, nikakaa zaidi ya saa. Kwetu tumezoea kusimama Bagamoyo au Mkunazini na kuutazama mwanzo wa njia ile. Pale unasimama mwisho wake, na wanaokusimulia ni wenyeji wa huko.

Ijumaa asubuhi panga vingine, kwani mengi hufunguliwa baada ya swala. Na vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, mwanamume kwa mwanamke.

Hata ukishindwa kutoka, kati ya viwanja hivi vitatu ni wa Hamad ninaopenda kukaa ndani yake. Kuna bustani ya miti hai chini ya kuba la kioo, iliyofunguliwa mwaka 2022, na sanamu ya dubu wa njano mwenye urefu wa mita 7 hivi ambaye watoto hawamwachi.

Istanbul: iwe saa kumi na kuendelea, tena za mchana

Hapa nitasema kwa ufupi kwa sababu uamuzi wenyewe ni mfupi. Chini ya saa tisa, kaa ndani. Zaidi ya kumi, na jua likiwa bado lipo, toka bila kusita.

Turkish Airlines ina ziara ya bure inayoitwa Touristanbul kwa abiria wake wa kimataifa wenye kusubiri kati ya saa 6 na 24. Basi linakuchukua, kuna mwongozaji na chakula, wanakurudisha uwanjani. Ziara huondoka kwa saa maalumu, kwa hiyo linganisha ratiba yao na muda wako wa kutua kabla ya kukata tiketi. Kwa mtu anayefika mara ya kwanza naisifu: foleni ya magari ikiwa mbaya, wanaoijua barabara ndio wanaohesabu muda.

Ukitaka kwenda mwenyewe, metro ya M11 inakutoa uwanjani hadi Gayrettepe, na kutoka hapo unaunganisha kuelekea mji mkongwe. Ayasofya, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, iliyokamilika mwaka 537, siku hizi mtalii hulipa euro 25 kuingia. Msikiti wa Sultan Ahmed, ng'ambo ya bustani, ni bure, ila wakati wa swala watalii husubiri nje. Mwanamke abebe mtandio.

Ila kama ningekuwa na saa mbili tu pale mjini, nisingeingia foleni yoyote. Ningeshuka Eminönü, ninunue simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, nipande kivuko kwenda Üsküdar au Kadıköy. Ni pantoni kama ya Kigamboni au Likoni, imejaa watu wanaotoka kazini, wanakunywa chai kwenye bilauri ndogo, shakwe wanafuata nyuma wakidaka vipande vya mkate. Dakika ishirini hivi, umevuka kutoka Ulaya kwenda Asia kwa nauli ya kawaida ya mwananchi.

Kabla hujavuka mlango wa uhamiaji

Pasipoti yako ndiyo inayoamua mengi, na hapa Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mkongo hawako sawa. Mkenya huingia Ethiopia bila viza. Wengine wapitie mfumo wa viza ya mtandaoni wa Ethiopia mapema. Qatar maombi hupitia jukwaa la Hayya. Uturuki ina viza ya mtandaoni, lakini kwa raia wa nchi nyingi za Afrika huambatana na sharti la kuwa tayari na viza hai ya Schengen, Uingereza, Ireland au Marekani. Hata ile ziara ya bure haikuvushi kama huruhusiwi kuingia nchini. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya serikali husika wiki ile ile unayokata tiketi, usitegemee aliyesafiri mwaka juzi, hata mimi.

Angalia karatasi ya mzigo wanayokubandikia kwenye pasi ya ndege. Herufi tatu za mwisho ziwe za unakokwenda. Zikiwa za mji wa kuunganisha, masanduku utayapokea pale na matembezi yamekwisha. Tiketi mbili ulizonunua kando kando ndizo huleta balaa hili, na ukichelewa ndege ya pili hasara ni yako.

Abiria wa Ethiopian Airlines wenye kusubiri kirefu wasio na ndege ya mapema zaidi, mara nyingi zaidi ya saa 8, huweza kupewa hoteli na chakula. Uliza wakati wa kununua, na uombe iandikwe kwenye tiketi.

Na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi. Ethiopia imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Tanzania hukidai kwa anayetoka nchi hizo, hata aliyepita tu akikaa zaidi ya saa 12. Nimeona watu wakisimamishwa nyumbani kwao wenyewe kwa kukisahau.

Dubai sikuiweka kwenye mizani kwa sababu wengi wetu tumeshapita huko, lakini ukipangiwa: metro kutoka Terminal 3, shuka upande wa Deira, vuka hori kwa abra kwa dirham 1, rudi.

Ipi uchukue

Saa sita hadi tisa za mchana: Addis. Usiku wa urefu wowote unaozidi saa saba: Doha, na mchana wa Doha pia kama ni kati ya Novemba na Machi. Saa kumi na zaidi za mchana na viza ya Schengen tayari kwenye pasipoti: Istanbul, wala usifikirie mara mbili. Chini ya saa sita, popote pale, baki ndani, ule, unyooshe miguu. Ukiwa na mtoto mchanga ongeza saa mbili kwenye kila kiwango nilichotaja.

Mwezi ujao namsindikiza mama kwenda kumwona mjukuu wake Ujerumani. Ana miaka sabini na mbili na magoti yake hayapendi ngazi. Doha ilikuwa nafuu kidogo, lakini tungetua usiku wa manane na yeye saa tatu usiku ameshalala. Nimechukua ya Addis: tunatua saa tatu asubuhi, tunaondoka usiku, hoteli imo kwenye tiketi ili apumzike mchana. Makumbusho tutaangalia akiwa na nguvu. Kahawa hadi ya tatu ameshaahidi, na sweta ameshalitoa kabatini, linaanikwa.